Wanne wa Changuu, wanne wa Tshiabirimu

Na Masika Kavugho

Mwaka 1919 gavana wa Seychelles aliipelekea Zanzibar zawadi ya kobe wakubwa wanne wa Aldabra. Wakawekwa kisiwani Changuu. Walizaana polepole, kama kobe wanavyofanya kila jambo, hata kufikia 1955 walikuwa kama 200. Kisha mikono ya watu ikaingia: huyu wa kitoweo, yule wa kuuzwa. Mwaka 1996 walikuwa wamebaki saba.

Nawakumbuka kwa sababu nasi huku mashariki mwa Kongo tuna kisiwa chetu, ila hakikuzungukwa na maji. Ukitoka Butembo ukapita Kyondo, unakutana na mlima Tshiabirimu, ule ambao wazee waliuita wa mizimu. Juu ni msitu mweusi. Chini yake mashamba ya viazi na vitunguu yamepanda mpaka ukingoni mwa Hifadhi ya Virunga. Gorila waliosalia humo walikuwa wanane tu. Kwenda kutafuta mchumba msitu mwingine ni kukatiza mashamba ya watu.

Oktoba 2024 majike wanne waliachiwa huko: Isangi, Lulingu, Mapendo na Ndjingala. Ni yatima wa ujangili, waliolelewa Kasugho kwenye kituo cha GRACE kilichofunguliwa 2010. Kwanza walikaa karibu mwaka mzima ndani ya uzio mlimani, wazoee baridi. Dume mmoja, Mwasa, alikuwa akija kuwachungulia hata kabla lango halijafunguliwa. Mahari hakuna aliyemdai.

Najua msomaji wa Beni ataniambia nini: sisi tunazika watu, wewe unatuletea habari za gorila? Juni ya mwaka huohuo mji wa Kanyabayonga uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na upande wa Beni waasi wa ADF hawajaacha kuchinja. Sibishani na aliyefiwa. Lakini vita hivyohivyo ndivyo vinavyokula msitu. Aliyekimbia kwao bila jembe wala sufuria ataishi kwa nini, kama si kuchoma makala?

Juzi sokoni nilimtazama mama mmoja akipangua makala kipande kwa kipande. Alitafuta ya mti mgumu wa msituni, yale yanayolia kama chuma yakigongana. Ya mikaratusi hayalii hivyo. Nilinunua kutoka rundo hilohilo, sikuuliza yametoka wapi. Kosa ni langu.

Walinzi wa hifadhi wanafanya kazi yao, na wengi wameifia. Ila Changuu kobe hawakupunguzwa na maradhi wala njaa. Walipunguzwa na wanunuzi. Kupandisha gorila wanne mlimani ilikuwa kazi ya wataalamu. Kuwaachia msitu wao ni kazi yetu sisi wenye majiko, na wenye vilima vya mikaratusi wanaosubiri bei ya mbao ipande badala ya kutuuzia kuni.

Ukinunua gunia wiki hii, uliza limetoka kilima gani. Likiwa la Tshiabirimu, liache hapohapo.