Hitilafu ya kituo isigeuzwe alama ya mtahiniwa

Mhariri,

Mtihani sanifu, yaani ule unaowapima watahiniwa wote kwa kipimo kimoja na katika hali zinazolingana, hupoteza maana yake pale umeme unapokatika au mtandao unapogoma katika kituo kimoja cha mtihani wa kompyuta huku vituo vingine vikiendelea, kwa kuwa alama inayopatikana hapo hupima hali ya kituo na si elimu ya mtu. Mtahiniwa anayetoka Mbogwe au Bukombe kwenda Geita mjini, au Ushetu kwenda Shinyanga, hulipa nauli na malazi kabla hajaigusa kompyuta, na ni dhuluma kumjibu kwamba matokeo yakishatangazwa hayaguswi.

Jibu hilo halina msingi hata katika historia. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 nchini Tanzania, yaliyotangazwa Februari 2013 na kuwaacha watahiniwa zaidi ya 240,000 katika daraja sifuri, yalifutwa Mei 2013 kufuatia kazi ya tume iliyoundwa na Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, iliyogusa pia mabadiliko ya utaratibu wa kupanga madaraja, na alama zikasanifishwa upya. Lililowezekana kwa nchi nzima haliwezi kushindikana kwa chumba kimoja chenye kompyuta zilizozimika.

Ili marekebisho ya namna hiyo yawe na ushahidi, mamlaka zinazosimamia mitihani zinaombwa kuwaagiza wasimamizi waandike saa na muda wa kila hitilafu mbele ya watahiniwa, na kila mtahiniwa apewe nakala iliyosainiwa ya kumbukumbu hiyo kabla hajatoka chumbani.

Msomaji,
Shinyanga