Risala ya Waombaji wa Vyuo Vikuu wa Songea kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Juma la Elimu ya Watu Wazima

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma, Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Wakuu wa Wilaya,
Wakurugenzi na Maafisa Elimu wa Halmashauri zetu,
Walimu wetu, wazazi wetu, mabibi na mabwana,

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, nasi tumekuja na maradhi yetu tukitumaini kupona.

Sisi ni nani

Tunaoleta risala hii ni makundi mawili yanayokutana kwenye foleni moja kila dirisha la udahili linapofunguliwa. Kundi la kwanza ni vijana waliohitimu kidato cha sita mwaka huu katika shule za Songea, Namtumbo, Tunduru, Mbinga na Nyasa. Kundi la pili ni watu wazima: walimu wa Daraja la A, watendaji wa vijiji, makatibu wa vyama vya msingi vya ushirika, mafundi na wafanyabiashara wadogo. Tuna familia, tuna kazi, na tunataka shahada.

Tumeamua kusema kwa sauti moja ili pasiwe na mtu wa kudhani kwamba mtu mzima anataka kiti cha kijana. Hao vijana ni watoto wetu na wadogo zetu. Tunachodai ni kwamba milango miwili iliyowekwa na Serikali yetu yenyewe iwe inapitika yote miwili.

Tunayoyashukuru

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tungekuwa watovu wa fadhila kama tungeanza na malalamiko. Waraka wa Elimu Na. 2 wa Mwaka 2021 uliwarudisha darasani waliokatiza masomo, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, imewavusha wengi wetu kwenye mtihani wa maarifa (QT) na baadaye kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo chake hapa mkoani. Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, nayo imeweka utaratibu wa kutambua maarifa aliyoyapata mtu nje ya darasa, huo tunaouita RPL. Kwa utaratibu huo, mwenye miaka 25 au zaidi asiye na cheti cha kidato cha sita wala stashahada anaweza kufanya mtihani maalumu, akaonyesha ushahidi wa kazi yake, na akadahiliwa.

Jambo hili si geni nchini mwetu. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliagiza kwamba kijana asitoke kidato cha sita moja kwa moja kwenda chuo kikuu, akafanye kazi kwanza na wale aliofanya nao kazi wamshuhudie. Agizo hilo lilikuwa na ugumu wake, hasa kwa wasichana, na baadaye likaachwa. Hata hivyo lilibeba imani kwamba kazi ni shule na aliyeifanya vizuri anastahili kusikilizwa chuo kikuu. Imani hiyo ndiyo tunayoidai leo.

Malalamiko yetu

*La kwanza na kubwa ni mkopo.*

TCU inamwambia mtu mzima: njoo na umri wako na uzoefu wako. Akishapata nafasi, anakwenda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Miongozo ya Bodi ya miaka ya karibuni inamtaka mwombaji wa shahada ya kwanza asizidi miaka 35, awe amehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano, na asiwe na kipato kitokanacho na ajira rasmi. Tuliosoma masharti hayo tukiwa na barua ya udahili mkononi tunajua yanavyouma. Aliyeingia kwa RPL hana cheti cha sita wala stashahada, na ndiyo maana akapita njia hiyo. Uzoefu aliotakiwa kuuthibitisha ameupata kazini. Basi kile kilichomfungulia mlango wa chuo ndicho kinachomfungia dirisha la mkopo, na ofisi zote mbili ni za Serikali moja.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuchukue mfano wa dada yetu mmoja wa Mbinga. Alipata ujauzito akiwa kidato cha tatu, miaka mingi kabla ya waraka wa 2021, na shule ikaishia hapo. Alirudi kwa QT, akafanya kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na leo ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika. Msimu wa kahawa ukianza, yeye ndiye anayesimama penye mizani. Anaandika kilo za kila mkulima kwenye leja, anakokotoa makato ya pembejeo na ushuru, kisha anasimama mbele ya mkutano mkuu kueleza kila shilingi imekwenda wapi. Mkulima asiyejua kusoma anamwamini kwa sababu hesabu zake hazijawahi kupinda. Anataka kusomea shahada ya uhasibu. Ana umri wa miaka 38. Kwa masharti yaliyopo, Bodi haina fungu la mtu kama huyu.

Tunajua sababu za Bodi. Fedha hazitoshi, na mtoto wa maskini anayetoka kidato cha sita hana pengine pa kushika. Hatupingi apewe kwanza. Lakini tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kurejesha deni. Mwalimu aliye kazini leo anaweza kuanza kukatwa mwezi uleule anaoanza masomo. Bodi haitahangaika kumtafuta baada ya kuhitimu, kwa kuwa mwajiri wake anajulikana na mshahara wake unaonekana. Hakuna mkopaji aliye salama kuliko huyu, na ndiye anayekataliwa.

*La pili ni mtihani wenyewe wa RPL.*

Wenzetu waliojaribu wamesafiri nje ya mkoa. Kutoka Tunduru hadi hapa Songea peke yake ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Songea hadi Makambako, kabla hujachagua uelekee Mbeya au Dar es Salaam, ni kama 300. Mtu huyo anaomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, analipa nauli na nyumba ya wageni, na anaacha watoto kwa jirani. Taarifa za mtihani nazo humfikia kwa kusikia kwa watu. Mwenye ndugu mjini anapata habari, na wa Mbamba Bay anazipata muda wa maombi ukiwa umeshapita.

*La tatu ni lugha na mifumo.*

Mwongozo wa udahili wa TCU umeandikwa kwa Kiingereza, nao ni kitabu kinene chenye majedwali ya sifa za kila programu. Mhitimu wa kidato cha sita anatakiwa kuwa na pointi 4.0 kutoka masomo mawili, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Waliohitimu 2014 na 2015 wana hesabu yao tofauti, ambayo kwao C ni pointi 2. Mwenye stashahada anatakiwa GPA ya 3.0 na angalau ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne. Kozi ya awali ya Chuo Kikuu Huria ina masharti yake pia. Haya yote ni halali, ila anayeyatafsiri kwa niaba yetu ni kijana wa steshenari.

Pale karibu na stendi, kwenye meza yenye kompyuta moja na printa, ndipo hatima za watu wengi zinapoamuliwa. Mwombaji anasimama nyuma ya kiti akiwa na vyeti ndani ya bahasha, na kijana anayejaza ana wateja wengine wanaosubiri vitambulisho na kutoa kopi. Mwenzetu wa RPL alifika kwenye ukurasa unaodai namba ya mtihani ya kidato cha sita. Hakuwa nayo, na mfumo wa chuo kile ulikataa kuendelea. Alishauriwa apige simu. Alipiga siku tatu bila kupokelewa, na dirisha likafungwa.

*La nne linawahusu zaidi vijana wetu.*

Tangu mfumo wa pamoja wa udahili ulipoachwa mwaka 2017, mwombaji anaomba moja kwa moja kwa kila chuo na kulipa ada ya maombi kila mahali. Anayeomba vyuo vitatu analipa mara tatu. Matokeo ya kidato cha sita hutoka Julai na dirisha la kwanza hufunguliwa mara moja. Kwa mkoa wetu, Julai ni mwezi wa mahindi yaliyo bado shambani au kwenye magunia. Mzazi anayesubiri kuwauzia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) pale Ruhuwiko ana mali, lakini fedha hana. Akija kulipwa, chaguo zuri limeshajaa na kijana wake anaangukia dirisha la pili au la tatu, kwenye programu asiyoitaka. Wapo pia waliochaguliwa vyuo zaidi ya kimoja wakashindwa kuthibitisha, kwa sababu namba ya siri ilitumwa kwenye simu ya mwenye steshenari.

*La tano ni uhaba wa vyuo hapa kwetu.*

Songea imewahi kuwa na matumaini makubwa. Mwaka 2016 TCU ilifuta kibali cha vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha St. Joseph vilivyokuwa hapa, wanafunzi wakahamishiwa vyuo vingine. Baadaye Chuo Kikuu Kishiriki cha Askofu Mkuu James nacho kikafungwa. Ubora lazima ulindwe, na hatutetei chuo kisichokidhi vigezo. Lakini kijana wa kidato cha sita anaweza kubeba begi akaenda Dodoma. Mama mwenye watoto wanne na kibarua hawezi. Tunafurahi kwamba Chuo cha Uhasibu Arusha kimeleta kampasi yake Songea, na tunaomba kampasi hiyo isimsahau mtu anayetoka kazini saa tisa alasiri.

Madai na maombi yetu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima tunaomba utufikishie haya kwa Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia, TCU na Bodi ya Mikopo:

1. Bodi ya Mikopo iweke fungu la waombaji watu wazima. Sharti la miaka mitano na ukomo wa miaka 35 visimhusu aliyedahiliwa kwa RPL. Aliye kazini akopeshwe angalau ada, na makato yaanze akiwa bado anasoma.

2. Mtihani wa RPL ufanyike Songea kila mwaka, na kituo cha Chuo Kikuu Huria kitumike. Tarehe itangazwe miezi sita kabla, kwenye redio za mkoa na mbao za matangazo za kata, na matokeo yatoke kabla ya dirisha la kwanza la udahili.

3. Mwongozo wa udahili utolewe pia kwa Kiswahili, ukiwa na sehemu inayojitegemea kwa watu wazima. Kila chuo kinachopokea RPL kiwe na ukurasa wa maombi usiodai namba ya kidato cha sita.

4. Ada ya maombi ilipwe mara moja kwa vyuo vyote, au kijana alipe baada ya kuchaguliwa.

5. Kila halmashauri iwe na dawati la udahili kuanzia Julai hadi Oktoba, lenye ofisa na kompyuta, bila malipo.

6. Wakurugenzi watoe au wakatae ruhusa za masomo kwa maandishi na kwa wakati. Kukaa kimya hadi dirisha lifungwe ni kukataa bila kuwajibika.

7. Vyuo vilivyopo Songea vifungue masomo ya jioni na mwisho wa wiki.

8. TCU itangaze kila mwaka, kwa kila mkoa, ni wangapi waliofanya mtihani wa RPL, wangapi walifaulu na wangapi walidahiliwa, ili mkoa wetu ujue umesimama wapi.

Sisi kwa upande wetu

Hatukuja kuomba tukiwa tumekunja mikono. Walimu miongoni mwetu watakaa kwenye madawati hayo kwa zamu kuwasaidia vijana kuchagua programu. Tunaojiandaa kwa mtihani tunaendelea kusoma kwa vikundi kila Jumamosi, na tuko tayari kuwapokea wenzetu wa wilaya zote. Tukidahiliwa tutasoma, tukikopeshwa tutalipa, na tukihitimu tutabaki kufanya kazi Ruvuma, kwa kuwa hapa ndipo tulipo na hapa ndipo tunapohitajika.

Hitimisho

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Nyerere aliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wazee wetu walijifunza kusoma chini ya miembe na kwenye maghala ya vyama. Juma hili kila Septemba linatukumbusha kazi ile, na mara nyingi hotuba zake huishia kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Watoto na wajukuu wa wazee wale sasa wanagonga mlango wa chuo kikuu. Kama elimu ya watu wazima ni sera ya nchi, basi isiishie mlangoni hapo.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila dai kabla ya dirisha lijalo la udahili kufunguliwa. Lililowezekana tuambiwe litaanza lini, na lililoshindikana tuambiwe sababu yake, nasi tutarudi kulizungumza.

Naomba kuwasilisha.

Kwa niaba ya waombaji,
Songea, Ruvuma