Picha za Oza si Mapambo ya Hoteli

Asemaye kuwa Unguja haina kumbukumbu ya macho, basi ama hajapata kupita Barabara ya Kenyatta, Shangani, ama amepita akiwa ameyafumba. Hapo ndipo Ranchhod Oza alipofungua Capital Art Studio mwaka 1930, baada ya kujifunza kazi katika studio ya A. C. Gomes, mpigapicha wa Kigoa. Baada yake kazi ikashikwa na mwanawe, Rohit. Sultani Khalifa alizeeka akafariki, bendera ya Mwingereza ikateremshwa Desemba 1963, Mapinduzi yakaja Januari 1964, watu wakahama kwa maelfu. Mlango wa Oza ukabaki wazi.

Na picha zenyewe je? Zimetundikwa katika kumbi za hoteli, juu ya makochi, pasina jina la mtu, mtaa wala mwaka. Kama kumeandikwa neno, basi ni "Zanzibar ya kale". Kale ipi? Bibi mwenye buibui aliyemo pichani alikuwa na jina na ana wajukuu, na pengine mmoja wao ndiye afagiaye ukumbi ule.

Wapo watakaodakia kwamba Oza alikuwa mpigapicha wa wakubwa, aliyeingia kasri wengine walipozuiwa mlangoni, na kwa hivyo kumbukumbu yake haituhusu. Hoja hii ni nyepesi. Kamera iliyoingia kasri ndiyo hiyo hiyo iliyoshuka bandarini kwenye majahazi na kuingia vichochoroni. Tena hata picha ya karamu ya wakubwa humwonyesha aliyeketi, na humwonyesha pia aliyesimama nyuma yake. Kumtazama huyo wa pili ni kazi yetu, wala tusimlaumu mpigapicha kwa uvivu wetu.

Kijana wa Michenzani huitaja Ng'ambo kila siku asijue ni ng'ambo ya nini. Palikuwa na hori la bahari lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili, likafukiwa kidogo kidogo hadi likatoweka katika karne ya 20. Ilibaki Creek Road, jina la kigeni, lakini angalau lilikumbuka maji. Nalo likabadilishwa, ikawa Barabara ya Benjamin Mkapa. Sasa kilichobaki cha kumthibitishia kijana huyo ni picha na ramani.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883, iliporomoka pamoja na mnara wa saa, na mafundi wawili wakafa. Fundi anayetaka kujua nguzo ilisimama vipi na roshani ilikatwa namna gani ataikimbilia picha ya zamani. Siku hiyo hakuna atakayeiita pambo.

Mashamba nako hali ni mbaya zaidi. Kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kikawapa wanawake fedha mkononi mwao. Kisha bahari ikapata joto, na ule mwani mnene wenye bei nzuri ukaanza kufa. Laiti angekuwepo mtu wa kusimama pale pale ufukweni kila mwaka tangu 1989, kama Oza alivyosimama mjini! Wapigapicha tunao, na hodari. Lakini anayewalipa ni bwana harusi na mwenye hoteli.

Basi Idara ya Nyaraka pale Kilimani na wenye picha wakae kitako wakubaliane: nakala zihifadhiwe, wenye mali walipwe haki yao, maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, na picha zipelekwe maskulini na mabarazani, kwa wazee. Negativi huliwa na unyevu na chumvi ya bahari. Na mwenye kuweza kuweka kidole juu ya picha akasema, "Huyu ni fulani, na hapa palikuwa nyumba ya fulani," leo ana miaka 80 na zaidi.