Laizer hakuanza na mikono mitupu

JICHO LA PEMBENI
Na Rehema Mbwilo

Juni 2020 nchi nzima ililijua jina la Saniniu Laizer. Mchimbaji huyu mdogo wa Mirerani, wilayani Simanjiro, aliiuzia Serikali mawe mawili ya tanzanite, moja la kilo 9.27 na jingine la kilo 5.1, kwa zaidi ya Sh7.7 bilioni. Rais Magufuli akampigia simu hadharani kumpongeza. Agosti akarudi na jiwe la tatu. Tangu hapo wahamasishaji hawachoki kumtaja: alilala maskini akaamka bilionea, na wewe pambana tu, utatoboa.

Hakulala maskini. Siku zilezile aliiambia BBC kuwa maisha yake hayatabadilika, ataendelea kutunza ng'ombe wake 2,000. Ng'ombe elfu mbili! Kwetu mwenye ng'ombe 20 huwekewa kiti cha mbele kwenye kikao cha harusi. Na uchimbaji mdogo ni daraja la leseni tu. Hausemi mfukoni mwa mwenye leseni kuna nini.

Mgodi wa tanzanite hula fedha kabla haujatema. Kila siku zinatakiwa baruti, mafuta ya jenereta, kompresa, kamba, na chakula cha vijana walioko chini. Jiwe linaweza kuchelewa miaka. Mwenye mifugo huuza dume mmoja, kazi ikaendelea. Asiye na kitu hufunga mgodi akarudi kijijini, na habari zake haziandikwi popote. Bahati ilikuwepo, sibishi. Lakini ilimkuta mtu mwenye uwezo wa kuingoja.

Simlaumu Laizer. Hakuwaficha watu ng'ombe wake, na aliahidi kuwajengea watu wa kwao shule. Ninaowalaumu ni wasimulizi, kwa sababu hadithi yao inamfuta mwanaapolo, yule kijana anayeshuka shimoni. Kwa miaka mingi desturi ya Mirerani imekuwa kumpa chakula badala ya mshahara, na mgao jiwe likipatikana. Lisipopatikana, jasho lake limekwenda bure. Mafuriko ya 1998 na ya 2008 yaliingia migodini yakaua makumi ya wachimbaji. Mwanaapolo anaamka alfajiri, anavumilia, anathubutu: sifa zote zinazouzwa ukumbini kwa kiingilio anazo. Kama zingetosha, Mirerani ingekuwa na mabilionea wengi kuliko Dar es Salaam.

Wapo wanaonufaika na hadithi hii. Kijana aliyeiamini hamuulizi tajiri wake habari za mkataba. Anajiuliza yeye amekosea wapi. Nimewasikia madereva wa bodaboda wakijiita wavivu baada ya kushinda barabarani tangu alfajiri hadi usiku, ilhali hesabu ya bosi mwenye pikipiki imeshalipwa yote na wao wamebaki na hela ya chipsi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi masharti ya kazi yake kwa maandishi. Maofisa wa kazi waanzie kwenye geti la ule ukuta unaozunguka migodi ya Mirerani, uliozinduliwa 2018, ambako anayetoka hupekuliwa asije akatoroka na jiwe. Wasimame hapohapo, wamuulize kila kijana mkataba wake uko wapi, na asiye nao wamfuate mwenye mgodi siku hiyohiyo.