"Anaendaga" na Kalamu Nyekundu

Mwanafunzi wa Bariadi akiandika "baba anaendaga mnadani," kalamu nyekundu humshukia papo hapo: andika "huenda"! Kwa ajili ya mtihani, naafikiana na kalamu hiyo. Ninachokikataa ni kauli inayoandamana nayo, kwamba mtoto huyo hajui Kiswahili.

Kiambishi tamati -ga kimo katika Kisukuma, lugha ya nyumbani kwa wengi mkoani Simiyu, na jamaa zake wametapakaa katika lugha za Kibantu, magharibi mwa Kenya utasikia "anaendanga." Kazi yake ni kuonyesha mazoea, na kazi hiyo huitenda vizuri kuliko hu- mahali pawili. Kwanza, hu- huficha nafsi. "Huenda mnadani": nani? Mimi, wewe, au wao? (Tena "huenda" ni "labda" pia, jambo linalowatesa sana wageni wanaojifunza lugha yetu.) Pili, na hapa ndipo penye uzito, hu- haina ukanushi wake. Ukisema "hanywi pombe," msikilizaji hana hakika kama ni leo tu au ni desturi ya mtu huyo. Mtu wa Bariadi husema "hanywagi," na shaka imekwisha.

Ningependa mwalimu aziandike sentensi zote mbili ubaoni, aeleze ipi ni ya insha na ipi ni ya mnadani, kisha awaambie wanafunzi waikanushe "huenda" pasipo kuipoteza maana ya mazoea. Watahangaika, naye atahangaika pamoja nao.