Ugomvi Unaosemwa Moyoni

Mtu aliyetiwa uchungu na mwenzake halali. Hujilaza akaendelea na majibizano ambayo hayajatokea: atamwambia hili, mwenzake atajibu lile, kisha atamkata kauli kwa neno lisilo na jibu. Sauti zote mbili ni zake, hivyo hasimu hapati nafasi ya kujieleza, seuze kuomba radhi. Kukipambazuka hasira imezidi, ingawa hakuna jipya lililotendeka.

Kwa mwanaisimu, jambo la kutazamwa hapa ni viambishi. Kijana wa Diani aliyekosa kazi hotelini huanza kwa kusema moyoni, "Ameninyima kazi." Amkusudiaye ni msimamizi mmoja, na tukio ni la siku moja. Akiyarudia hayo miezi mingi, na kuyasikia pia barazani kwa wenziwe, kauli hugeuka ikawa "Wametunyima kazi." Penye a- pamekaa wa-, penye -ni- pamekaa -tu-. Msimamizi ametoweka, mahali pake wamesimama "watu wa bara". (Naye mwenye duka aliyetoka bara hufanya sarufi iyo hiyo chumbani mwake: "Wanatuonea wivu.")

Hapo ndipo wachochezi wa mwaka 1997 walipowakuta vijana wa Kwale. Malalamiko hayakuwa ya kubuni: ardhi isiyo na hatimiliki, na ajira za ufuoni. Kilichoongezwa ni kiapo cha Kaya Bombo, na vikaratasi vya kuwaamuru watu wa bara warudi kwao. Usiku wa tarehe 13 Agosti kituo cha polisi cha Likoni kikavamiwa, na ghasia zikaenea kusini hadi Ukunda na Diani. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakayahama makazi yao. Watalii nao wakatoroka, na kazi zile zilizogombewa zikapotea. Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilichunguza vitendo. Maneno yaliyotangulia kiapo hayana tume.

Yana walimu, hata hivyo. Insha ya mazungumzo hufundishwa shuleni, lakini mara nyingi mwanafunzi huijaza salamu na kwaheri. Mwalimu wa Ukunda au Msambweni na amtake aandike ugomvi wake wa kweli, kisha auandike upya, safari hii hasimu akiitwa kwa jina na kupewa hoja zenye nguvu kuliko za mwandishi. Wengi watakwama katika mistari ya hasimu. Mwalimu asiharakishe kuwasaidia.