Macho hayana pazia, basi pazia tuliweke kwenye programu

Haya ndugu zangu, leo tuongee kuhusu macho. Si yale ya kwenye nyimbo za mapenzi. Nazungumzia macho kama njia ya kuiambia kompyuta jambo, sawa na kipanya au kibodi. Najua wengi wenu mnaandika programu za simu na za wavuti, na miwani ya uhalisia pepe, ile tuliyozoea kuiita VR, mnaiona kama mchezo wa wenye pesa. Nivumilieni kidogo. Jambo lenyewe linatuhusu sisi waandishi wa programu kuliko linavyowahusu wauzaji wa miwani.

Msimamo wangu nauweka mbele ili mtu asihangaike kuutafuta: data ya mahali mtu anapotazama isitoke kwenye kifaa, na sisi tusiiombe bila sababu nzito. Itumike pale pale, kisha itupwe. Sasa niwaeleze kwa nini.

Inafanyaje kazi?

Ndani ya miwani, kuzunguka lenzi, kuna taa ndogo ndogo za infraredi. Jicho haliuoni mwanga wake, lakini kamera zilizo humo humo zinauona. Taa hizo zinaacha nukta za mwanga juu ya konea, yaani ule utando mwangavu ulio mbele ya jicho. Kamera inapiga picha, programu inatafuta kitovu cha mboni na zile nukta, halafu inapiga hesabu: mboni imesogea kiasi gani ikilinganishwa na nukta? Kwa kuwa macho ya watu hayafanani, mara ya kwanza unaambiwa utazame alama kadhaa moja moja ili kifaa kikujue. Baada ya hapo kinajua unatazama wapi, tena kinajua upya mara nyingi kila sekunde.

Hii si teknolojia ya jana. Tobii ya Sweden ilianzishwa mwaka 2001. Mwaka 2015 FOVE ya Japani ilichangisha pesa kwa watu kupitia Kickstarter ili itengeneze miwani ya VR inayofuatilia macho. Kisha wakubwa wakaamka. Oktoba 2016 Google ilinunua Eyefluence. Desemba mwaka huo huo Oculus, iliyokuwa mali ya Facebook, ikanunua The Eye Tribe ya Denmark. Mwaka 2017 Apple ikanunua SMI ya Ujerumani. Kampuni tatu za macho zilimezwa katika muda usiofika mwaka mmoja! Baada ya hapo tukaona HTC Vive Pro Eye (2019), Meta Quest Pro (2022), PlayStation VR2 (2023), Apple Vision Pro (2024) na Samsung Galaxy XR (2025). Zote zinajua unatazama wapi.

Faida zipo, tena kubwa

Asije mtu akasema napinga maendeleo. Hebu tupige hesabu kidogo. PlayStation VR2 ina kioo cha pikseli 2000 kwa 2040 kwa kila jicho. Macho mawili ni pikseli 8,160,000. Ukichora picha 90 kila sekunde, hizo ni zaidi ya pikseli milioni 734 kwa sekunde. Linganisha na runinga ya 1920 kwa 1080 inayoonyesha picha 60 kwa sekunde: ni kama milioni 124. Kwa hiyo miwani ina kazi karibu mara sita ya runinga, na inafungwa kichwani mwa mtu.

Lakini jicho lenyewe haliwezi kuona yote hayo kwa usafi. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kabisa, iitwayo fovea, inashika kama nyuzi 2 tu za uwanja wa kuona. Nyoosha mkono wako mbele: ni kama upana wa kidole gumba. Kwingine kote unaona ukungu, na ubongo unakudanganya kwamba unaona vizuri. Basi miwani ikijua kidole gumba chako kiko wapi, inachora hapo kwa ukali, na kwingine inachora kivivu. Hutatambua.

Faida ya pili ni ya kulenga umbali. Weka kidole karibu na pua yako. Mambo mawili yanatokea pamoja: macho yanageukia ndani yakutane kwenye kidole, na lenzi iliyo ndani ya jicho inabadilika umbo ili kidole kionekane wazi. Kwenye miwani nyingi za VR mambo haya yanagombana. Macho yanageuka kufuata kitu kinachoonekana karibu, lakini lenzi inalazimika kubaki ilipo kwa sababu umbali wa picha haubadiliki. Mwaka 2008 Hoffman, Girshick, Akeley na Banks walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba ugomvi huo unachosha macho. Mwaka 2018 Oculus ilionyesha miwani ya majaribio iitwayo Half Dome, ambayo vioo vyake vinasogea mbele na nyuma kufuata mahali unapotazama. Dawa nzuri.

Sasa tazameni jambo moja. Kazi zote mbili zinahitaji jibu la swali moja tu: anatazama wapi sasa hivi? Picha ikishachorwa, jibu hilo halina kazi tena. Hakuna haja ya kulihifadhi, wala ya kulipeleka kwenye seva, wala ya programu yangu mimi kulijua. Mfumo wa kifaa unalimaliza wenyewe.

Jicho linasema ambayo mwenyewe hajasema

Ukibonyeza kitufe, umeamua. Jicho haliamui hivyo. Linaruka karibu mara tatu kila sekunde, na mara nyingi linafika kabla ya wewe kujua. Wahenga walisema macho hayana pazia.

Mwanasayansi wa Urusi, Alfred Yarbus, aliwaonyesha watu mchoro mmoja wa Repin, wa mtu anayerudi nyumbani bila kutarajiwa. Aliwauliza maswali tofauti: familia hii ina uwezo gani? Watu hawa wana umri gani? Mgeni hakuwepo kwa muda gani? Njia ya macho juu ya mchoro ule ule ilibadilika kulingana na swali. Kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967. Mwaka mmoja kabla, Daniel Kahneman na Jackson Beatty walionyesha kwamba mboni inapanuka kadiri mtu anavyopewa tarakimu nyingi za kukumbuka. Hayo yalijulikana kwa vifaa vya miaka ya sitini! Leo kamera iko sentimita chache kutoka kwenye mboni, na mtu anaweza kuivaa saa mbili mfululizo.

Mwaka jana kampuni moja hapa Nairobi ilitaka tuitengenezee programu ya VR ya kuwafundisha wafanyakazi wa ghala namna ya kukabiliana na moto. Kazi safi. Katikati ya mazungumzo meneja, mzee mwenye heshima zake, akaongeza ombi: tuhifadhi kila mahali mfanyakazi anapotazama, kwa jina lake. "Kijana, mimi nataka tu kujua nani hayuko makini." Nikamuuliza, "Na ukishajua, mzee, utafanya nini?" Akajibu bila kuficha kwamba itamsaidia kuamua nani wa kuongezewa mkataba.

Nilimweleza kwamba mtu anaweza kusikiliza maelezo huku ametazama sakafu. Nilimweleza kwamba mwenye makengeza, au aliyevaa miwani yake ya kusomea ndani ya ile ya VR, anaweza kusomwa vibaya na kifaa na kuonekana mzembe. Nikapendekeza tupime vitendo: je, alichukua kizimamoto sahihi? Alitumia sekunde ngapi kufika mlangoni? Hayo mfanyakazi anayajua, na anaweza kujitetea. Utajiteteaje kwa kosa la mboni? Kazi ile waliipeleka kwingine.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema kwamba ruhusa ya mtumiaji inatosha. Mfanyakazi wa mkataba wa miezi mitatu akiwekewa dirisha la "Kubali" mbele ya msimamizi wake, atakataa vipi?

Sisi Wakenya tumeshaonjeshwa

Mnakumbuka Worldcoin? Agosti 2023 watu walipanga foleni KICC wapigwe picha za macho ili wapate tokeni zenye thamani ya takriban shilingi 7,000. Serikali ikasimamisha shughuli hiyo mwezi huo huo, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Tulijifunza kwamba jicho lina bei, na kwamba mwenye shida hasomi masharti.

Lakini Worldcoin ilitaka kujua wewe ni nani. Ilipiga picha mara moja, na mtu alijua amepigwa. Kufuatilia macho kunaweza kuonyesha unavutwa na nini na umechoka kiasi gani, dakika baada ya dakika, wala huhisi chochote. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inataja alama za vidole, DNA, umbo la ndewe ya sikio, retina na sauti. Kutazama hakukutajwa kwa jina. Sheria hiyo inagusa pia sifa za tabia ya mtu, na inahesabu data inayofichua afya kuwa nyeti, kwa hiyo naamini wakili hodari anaweza kuitumia. Lakini tusingoje wakili. Mwandishi wa programu anafika kabla yake.

Nani amefanya vizuri?

Kwa hili nawapa Apple haki yao. Kwenye Vision Pro, ukitazama kitufe kinang'aa, lakini programu haijui. Mfumo ndio unaochora ule mng'ao. Programu inaambiwa tu pale unapobana vidole viwili, yaani ulipoamua. Hata ukurasa wa wavuti kwenye kifaa hicho unapata mwelekeo wakati wa kubana tu. Kwa Meta Quest Pro mpango ni tofauti: programu inaomba ruhusa, na ikipewa inapokea mwelekeo wa macho mfululizo. Picha zenyewe za jicho haipewi, lakini kama Yarbus alivyoonyesha, mwelekeo peke yake unatosha.

Hata hivyo Apple nao hawakuziba kila tundu. Mwaka 2024 watafiti walionyesha shambulio waliloliita GAZEploit. Kwenye simu ya video, sura ya kuchorwa ya mtumiaji ilikuwa inageuza macho sawa na macho yake halisi. Akiandika kwa kutazama kibodi, aliye upande wa pili angeweza kukisia herufi, hata neno la siri. Apple walirekebisha kwenye visionOS 1.3: sura ile inasimama kibodi inapofunguliwa. Somo ni kwamba data ya macho ikitoka hata kwa mlango wa nyuma, imetoka.

Na wanaohitaji macho kweli?

Kuna hoja moja siwezi kuipuuza. Wapo watu wasioweza kusogeza mikono wala kusema, na wanaandika kwa macho herufi baada ya herufi. Kwao macho ndiyo mikono. Je, msimamo wangu unawafungia mlango? Hapana. Mfumo unaweza kuhesabu wenyewe kwamba mtu amekaza macho kwenye kitufe kwa sekunde moja, kisha ukaiambia programu "amebonyeza". Programu inapata uamuzi, haipati safari yote ya macho. Watafiti wa hospitali na vyuo nao wana taratibu zao za maadili na ridhaa ya maandishi. Hao siwazungumzii. Nazungumzia programu ya mafunzo, mchezo na duka la viatu.

Basi nawaomba wenzangu mambo manne:

1. Kama mfumo unaweza kuchora kwa kufuata macho wenyewe, uachie. Usiombe ruhusa usiyoihitaji.
2. Pokea uamuzi (kubana, kubonyeza, kukaza macho), usipokee kila mruko wa jicho.
3. Ukilazimika kupokea mwelekeo, utumie kwenye kumbukumbu ya muda tu. Usiuandike kwenye diski, usiutume kwenye seva, usiuambatanishe na jina.
4. Mteja akiomba nani alitazama nini, muulize atafanya nini nayo. Jibu lake liandike kwenye barua pepe, ulihifadhi.

Mtasema miwani hii ni ghali, Vision Pro ilianza kwa dola 3,499, nani Kenya atainunua? Kweli, mimi mwenyewe sina. Lakini wengi wetu hatutakutana nayo dukani. Tutakutana nayo kazini, ikiwa ya mwajiri, na yeye ndiye atakayechagua programu. Programu hiyo huenda ikaandikwa na wewe unayesoma hapa. Inafaa uwe umeshaamua kabla hujaitwa kwenye mkutano.

Mwenye mawazo tofauti karibu tubishane, hasa nyinyi wa michezo ya kompyuta. Najua mna hoja zenu.